Theluji imetufungia ndani: tuanze na nakala za picha na nyaraka, usafi wa kompyuta ufuate

Kaa la Moto (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Theluji inaanguka tangu jana jioni na utabiri unaonyesha itaendelea. Shule zimefungwa, barabara hazipitiki, glavu na soksi zimeanikwa kila mahali, na kila mtu ndani ya nyumba kajikunyata na kifaa chake. Siku za namna hii zinakuja kila majira ya baridi na zinapita bure. Safari hii naomba tuzitumie kwa kazi ambayo nyumba nyingi zinaikwepa mwaka mzima, yaani kuiweka sawa kompyuta ya familia. Na katika kazi hiyo nina msimamo mmoja nitakaoutetea humu hadi mwisho: nakala za akiba zitangulie. Feni zisubiri, programu mpya zisubiri, ruta isubiri.

Sababu zangu zinatokana na majira yenyewe. Theluji iliyolowa ni nzito. Inaelemea matawi, matawi yanaangukia nyaya, umeme unakatika bila kubisha hodi. Ukikatika wakati diski inaandika, faili lililokuwa wazi linaweza kuharibika, na mara nyingine mpangilio mzima wa diski unavurugika. Tena haya ni majira ambayo vifaa vinatoka kwenye baridi kali na kuingia kwenye joto mara kwa mara, watu wanateleza kwenye barafu na begi mgongoni, na hewa ya ndani inakauka kiasi kwamba ukigusa kitasa cha mlango unapigwa shoti. Kompyuta haipendi hata kimoja kati ya hivyo. Mashine ikifa, itanunuliwa nyingine. Picha ya mtoto akiwa na wiki moja hainunuliki popote.

Anzeni na karatasi na kalamu. Kaeni mezani muulizane: kitu gani kikipotea leo tutalia? Majibu yatawashangaza. Mzazi atataja vyeti na hati za nyumba. Binti atataja michoro yake. Mwingine atataja ujumbe wa sauti wa marehemu babu ambao bado umo kwenye simu ya zamani iliyofungiwa kabatini. Simu hiyo ya kabatini ishughulikiwe mapema, kwa kuwa betri iliyokaa miaka bila chaji inaweza kukataa kabisa. Ikiwa imevimba, msiichaji, mpelekeeni fundi. Filamu, michezo na programu msihangaike navyo, vinapakuliwa tena.

Kanuni inayokubalika na mafundi wengi inaitwa 3-2-1. Kila kitu cha thamani kiwe na nakala 3 (ile unayoitumia kila siku ikiwa mojawapo), kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 ikae nje ya nyumba. Hiyo ya nje ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo inayookoa siku nyumba ikiungua au bomba lililoganda likipasuka juu ya meza ya kompyuta.

Kwa kuwa tunazungumzia theluji, kuna mtu namheshimu sana katika jambo hili. Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, huko Marekani, alifunga kamera kwenye hadubini, na tarehe 15 Januari 1885 akapata picha yake ya kwanza ya chembe moja ya theluji. Aliendelea hadi alipofariki mwaka 1931, akiwa amepiga zaidi ya 5,000. Mwaka 1903 alipeleka picha 500 kwenye taasisi ya Smithsonian, akihofia kwamba moto au ajali vingeweza kuteketeza kazi yake yote ikibaki nyumbani tu. Nikiwaonyesha watoto picha zile nzuri za theluji, huwa nawaambia na habari hiyo pia.

Sasa kazi yenyewe. Diski ya nje ukishamaliza kunakilia, ichomoe. Usiiache imening'inia kwenye kompyuta mwaka mzima. Kuna virusi vya utekaji ambavyo hufunga kila faili vinavyolifikia kisha vinadai fedha, na diski iliyochomekwa vinaifikia. Pia umeme unaporudi baada ya kukatika unaweza kuja na mshtuko unaounguza vyote vilivyounganishwa. Ikiwa diski inakataa kupokea video ndefu ilhali nafasi ipo tele, angalia kama imefomatiwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili la GB 4 na kuendelea. Ifomati kwa exFAT, inasomwa na Windows na Mac. Kumbuka tu kwamba kufomati kunafuta vyote vilivyomo.

Majina ya folda yaanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2019-07-14. Huo ndio mpangilio wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, na uzuri wake ni kwamba kompyuta ikipanga majina kwa herufi na namba, picha zinajipanga zenyewe kwa tarehe. Folda inayoitwa "picha mpya" haikusaidii chochote miaka mitano ijayo.

Halafu jaribu. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu. Chukua diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua picha za zamani kabisa, cheza video moja hadi mwisho. Ikifunguka, unayo nakala.

Karibuni kwa maswali na nyongeza, hasa nyinyi mafundi.

Mama Watatu

Asante sana kaka. Nia ninayo, tatizo langu ni intaneti. Watoto wawili wana masomo kwa video, wa tatu yuko kwenye mchezo, baba yao ana kikao cha kazi chumbani. Nikianza tu kupandisha picha mtandaoni nyumba nzima inalalamika. Na simu yangu ndiyo yenye picha zote, imejaa mpaka inakataa kupiga nyingine. Nianzie wapi?

Kaa la Moto

Dada, mtandao uweke pembeni kwanza. Laini nyingi za nyumbani zina kasi kubwa ya kupakua na kasi ndogo ya kupandisha. Kikao cha video cha mzee kinatumia njia hiyohiyo ya kupandisha, ndiyo maana ukianza kutuma picha sura yake inaganda. Chukua waya wa kuchajia simu, uchomeke kwenye kompyuta, nakili picha kwenye diski ya nje moja kwa moja. Haipiti kwenye intaneti hata chembe.

Kama ni iPhone, utakuta faili nyingi zimeandikwa HEIC, aina iliyoingia na iOS 11 mwaka 2017. Kompyuta ya zamani inaweza kushindwa kuzionyesha. Usizifute kwa kudhani zimeharibika, ni nzima, zinahitaji programu inayozifahamu.

Hifadhi ya mtandaoni iachie usiku wakati wote wamelala. Lakini angalia sana jambo hili, wengi linawaumiza: huduma nyingi za picha zinalinganisha simu na mtandao. Ukifuta picha kwenye simu ili kupata nafasi, inafutika na kule. Kabla ya kufuta hata moja, hakikisha iko kwenye diski na umeifungua ukaiona.

Na mzee wa kikao mvutie waya kutoka kwenye ruta, waifai wabaki nayo watoto. Nyumba itatulia.

Fundi Nyaya

Mleta uzi, uzi mzuri, ila kwenye mpangilio nakupinga. Mimi nafungua kompyuta za watu kila majira ya baridi na ninachokikuta humo ndani ni blanketi la vumbi. Madirisha yamefungwa miezi, mablanketi yanatoa nyuzi, hita inapeperusha vumbi, paka kahamia juu ya kasha kwa sababu kuna joto. Sasa unamwambia mtu aiendeshe mashine hiyo kwa saa nyingi mfululizo ikinakili picha za miaka kumi? Feni imeziba, diski inapata joto, ndipo inapokufia. Safisha kwanza, nakili baadaye.

Jambo la pili, na hili naliomba kila mmoja alisome mara mbili. Tazameni hita mmeichomeka wapi. Hita ndogo ya umeme ya wati 1,500 inavuta ampea 6.5 hivi kwenye umeme wa volti 230, na ampea 12.5 kwenye nchi za volti 120. Ukiichomeka kwenye ekstensheni iliyo chini ya meza pamoja na kompyuta, skrini, printa na chaja za simu, waya ule unapata moto mahali ambapo hakuna anayepaona, chini ya zulia au nyuma ya pazia. Hita ichomekwe kwenye soketi ya ukutani peke yake, ikae angalau mita moja kutoka kwenye chochote kinachoweza kushika moto. Shika plagi yake kwa mkono baada ya muda. Ikiwa ya moto, zima.

Kaa la Moto

Fundi, la hita nakuunga mkono kwa mikono yote miwili, na namshukuru Mungu umelileta.

La vumbi bado nakupinga. Wewe ni fundi, una mkono mwepesi na vifaa vyako. Anayesoma hapa ni baba au mama aliyefungiwa ndani na theluji, ana bisibisi ya jikoni na hewa kavu inayozalisha cheche kila akivua sweta. Ukimwambia afungue mashine kabla ya nakala, picha zote za familia zinakuwa mikononi mwake wakati akifanya kazi ambayo hajawahi kuifanya. Kama kuna siku ya mashine ile kufa, ni siku hiyo. Akiwa na nakala, hata akikosea anapoteza chombo tu.

Joto la kunakili linapunguzwa bila bisibisi. Toa kompyuta kwenye kona, iweke juu ya meza tupu, futa matundu kwa nje, nakili mwaka mmoja mmoja na upumzishe katikati.

Fundi Nyaya

Hapo umenipata. Kufuta matundu ya nje kwanza, nakala, kisha kufungua. Huo nauafiki.

Basi niwape na namna ya kufungua, maana umeme tuli ndio adui wa majira haya na si watu wengi wanaoelewa unatoka wapi. Hewa baridi haibebi maji mengi. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa inabeba gramu 2.3 hivi za mvuke, basi. Hewa hiyo ikiingia ndani ikapashwa hadi nyuzi 20, inakuwa na uwezo wa kubeba gramu 17, lakini maji yaliyomo ni zilezile gramu mbili na nukta. Unyevu unaanguka hadi asilimia 13 au 14, hata kama nje theluji inaanguka bila kukoma. Ndiyo maana midomo inapasuka, na ndiyo maana mwili wako unajikusanyia chaji ukitembea juu ya zulia. Ile cheche unayoisikia kwenye kidole huwa imeshafika volti 3,000 hivi. Vipande vya ndani ya kompyuta vinaumia kwa volti ndogo mno kuliko hiyo, kwa hiyo unaweza kuua kumbukumbu ya mashine usisikie lolote.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Kwa laptopu, chomoa na betri kama inatoka. Vua sweta la sufu. Simama kwenye sakafu tupu, gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine, na urudie kugusa kila mara unapoinuka. Usitumie mashine ya kufyonzea vumbi ya nyumbani ndani ya kompyuta, bomba lake la plastiki linazalisha umeme tuli. Tumia brashi laini na kopo la hewa. Kopo lishikwe wima, ukilipindua linamwaga kimiminika cha baridi kali. Na feni izuie kwa kidole isizunguke wakati unapuliza.

Unyevu wa chumbani ukiweza uuweke kati ya asilimia 30 na 50. Vioo vya madirisha vikianza kutiririka maji, umezidisha. Wenye vile vifaa vya kutoa ukungu kwa mtetemo wasiviweke karibu na kompyuta, maji yenye chokaa yanaacha unga mweupe hadi ndani ya feni.

Kijana wa Ghorofani

Wakubwa samahani nakatisha. Laptopu yangu imelala kwenye gari usiku kucha, nje ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Ndiyo nimeiingiza sasa hivi, ni baridi sana kushika. Nina kazi ya chuo ya kuwasilisha leo na iko humo tu. Niiwashe?

Kaa la Moto

Usiiwashe, mdogo wangu. Usiichaji. Hata begi usilifungue.

Hewa ya chumba chenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 40 inaanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 7 au chini ya hapo. Yako iko chini ya sifuri. Ukiitoa begini sasa, umande utatanda nje na ndani, juu ya nyaya na vipande usivyoviona. Ukiwasha, umeme unapita kwenye maji. Begi lililofungwa linazuia hewa ya chumba isiiguse mashine kabla haijapata joto. Liweke sebuleni mbali na hita, uliache saa kadhaa. Kisha fungua, gusa mfuniko. Kama bado ni baridi kuliko meza, funga tena usubiri.

Usitumie mashine ya kukaushia nywele. Inapasha upande mmoja haraka na kusukuma unyevu ndani.

Wakati unasubiri, muandikie mwalimu wako kwa simu umweleze hali. Akijua mapema atakuelewa.

Muuguzi wa Zamu

Naongezea kwenye jibu hilo kuhusu betri. Hata kwa simu: mkitoka nje kuzoa theluji simu ikazima ghafla ikiwa na chaji nusu, mara nyingi betri haijafa, baridi imepunguza kasi ya kemia yake. Ikipata joto inarudi. Kosa kubwa ni kuichaji ikiwa bado imeganda. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu inajikusanya juu ya ncha hasi ya ndani ya betri kama chuma badala ya kuingia mahali pake, na hilo halirekebishiki. Apple wenyewe wanaandika iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35. Mfuko wa ndani ya koti, karibu na mwili, ndio mahali pa simu.

Kijana wa Ghorofani

Mwalimu amejibu, kaniongezea muda hadi kesho. Begi liko juu ya kiti, silifungui. Asanteni sana.

Mzee wa Kigoda

Wanangu, hamjambo. Nina kompyuta ya mezani ya siku nyingi. Tangu theluji hii ianze umeme umekuwa ukikatika, na kila ukirudi kompyuta inaniambia ni mwaka 2010. Nikirekebisha tarehe inakaa vizuri, ukikatika tena inarudi kulekule. Na sasa tovuti ya benki inakataa kufunguka, inasema si salama. Nimeingiliwa na virusi?

Fundi Nyaya

Shikamoo mzee. Hapana, usihofu. Ndani ya kompyuta, kwenye madabodi (ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote), kuna betri ndogo ya duara iliyoandikwa CR2032, ya volti 3, ya ukubwa wa sarafu. Kazi yake ni kuitunza saa na mipangilio wakati umeme haupo. Yako imeisha. Tovuti ya benki inakataa kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikidhani ni 2010, inaona cheti cha leo hakijaanza kutumika.

Kwa leo rekebisha tarehe, tovuti itafunguka. Njia zikipitika mtume mjukuu anunue betri yenye namba hiyohiyo. Kuiweka ni kazi ndogo: zima, chomoa waya, gusa chuma, bana kishikio, toa ya zamani, weka mpya upande ulioandikwa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Na hiyo iliyotoka isiachwe mahali watoto wadogo wanapofikia. Mtoto akiimeza inaunguza koo ndani ya saa chache, hiyo ni dharura ya hospitali.

Mzee wa Kigoda

Marahaba mwanangu. Umenitoa wasiwasi. Na hii Windows 10 wanayosema imekwisha, bado niitumie kwa mambo ya benki?

Kaa la Moto

Shikamoo mzee wangu. Microsoft waliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Waliweka mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, inabidi ujiandikishe kwenye mipangilio ya masasisho. Mashine inaendelea kuwaka kama kawaida, ila matundu mapya yakigundulika hayazibwi kwa asiyejiandikisha. Mambo ya benki usiyafanyie kwenye mfumo usiozibwa.

Ikiwa mashine haina uwezo wa Windows 11 na bado ni nzima, kuna Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Leo una sura zinazofanana sana na ulichozoea, na kompyuta za zamani zinapata nafuu. Mjukuu akuwekee, lakini baada ya nakala. Kubadilisha mfumo kunaweza kufuta diski nzima.

Na hili ni la wote: programu ile ya msingi ya madabodi inayoitwa BIOS msiisasishe siku ya dhoruba. Umeme ukikatika katikati, kompyuta inaweza kukataa kuwaka kabisa. Subirini anga litulie.

Albamu ya Zamani

Nimefurahi kuona uzi umeanza na picha. Sisi tulitumia majira ya baridi yaliyopita kuskani albamu za wazazi, na ninaweza kusema hakuna kazi ya kompyuta iliyowahi kutukalisha pamoja namna ile. Kila picha ikipita kuna mtu anauliza huyu ni nani, na wakubwa bado wapo wa kujibu. Andikeni majibu hayo kwenye jina la faili palepale. Uso usio na jina, wajukuu hawatakuwa na wa kumuuliza.

Kwa skana: picha ya karatasi iskaniwe kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kama mtaichapisha kwa ukubwa uleule, 600 kama ni ndogo na mtataka kuikuza. Skani na mgongo wa picha pia, tarehe na mwandiko wa mkono viko kule. Hewa kavu inavutia vumbi kwenye kioo, kifuteni kila baada ya picha chache kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Picha zilizogandana msizivute kwa nguvu. Ziacheni kama zilivyo, mpelekeeni anayejua.

Wenye printa ya wino wa maji, chapeni ukurasa mmoja wenye rangi mara moja kwa wiki. Vinginevyo wino unakaukia kwenye vitundu vya printa.

Muuguzi wa Zamu

Nimerudi kwa jambo zito kidogo. Mnapoandaa jenereta ili kompyuta na ruta visizime, nasihi: isiwe ndani, isiwe barazani, isiwe kwenye banda la gari hata kama mlango uko wazi. Iwe nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi ukielekea mbali na madirisha. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, mtu anadhani ni uchovu. Na theluji ikirundikana ukutani, zibueni matundu ya kutolea moshi wa mfumo wa kupashia joto, yakiziba gesi hiyohiyo inarudi ndani. King'ora cha kugundua gesi hiyo kiwe na betri nzima.

Anayeketi kwenye kompyuta siku nzima kisha akatoka kwa ghafla kuzoa theluji, aanze polepole. Theluji mpya kavu ina kilo 50 hadi 100 hivi kwa mita moja ya ujazo, iliyolowa ni mara kadhaa ya hapo, na baridi yenyewe inabana mishipa ya damu. Sukuma kuliko kuinua, beleshi lijae nusu. Kifua kikibana, acha, ingia ndani, piga simu ya dharura.

Mama Watatu

Kaka, nimemaliza kunakili kwa waya. Video ya binti akitembea hatua za kwanza imefunguka kwenye kompyuta ya baba yake, tumeitazama wote. Sasa ile nakala ya nje ya nyumba. Nina diski ya pili. Naweza kuiweka kwenye gari? Au kwenye banda la nje?

Kaa la Moto

Hongera sana dada.

Gari hapana, banda hapana. Huko inaganda usiku, inapata joto mchana, umande unaingia na kutoka, na gari likiibwa limeondoka nayo. Mpe ndugu anayekaa nyumba nyingine, iwe kwenye droo ya ndani. Kabla ya kuipeleka ifunge kwa nenosiri, maana ina vyeti na hati. VeraCrypt ni programu ya bure inayofanya hivyo kwenye Windows, Mac na Linux. Nenosiri liandike kwenye karatasi, likae kwako pamoja na hati za nyumba, lisikae na diski. Likipotea hakuna fundi atakayeifungua.

Mama Watatu

Mdogo wangu amekubali kuitunza. Ikae huko hadi lini?

Kaa la Moto

Kila baada ya miezi michache akija kuwatembelea aje nayo, uongeze picha mpya, ufungue chache za zamani kuona kama bado inasoma, aondoke nayo. Bandika juu yake karatasi yenye tarehe ya mara ya mwisho, ndipo utajua ni zipi bado hazijaingia.